Miezi minne ya video za sayansi nyumbani kwetu Tabata

Nilianza kuwawekea wanangu video za sayansi na anga likizo ya Desemba, baada ya kuchoka kuona simu yangu inaishia kwenye katuni. Wazazi wenzangu wa mtaani wananiuliza kama zinafaa kweli au ni kumaliza bando tu. Zinafaa, tena sana, ila usimwachie mtoto simu ukaenda zako jikoni. Kaa naye.

Iliyotuteka kuliko zote ni ya mwaka 1971. Mwanaanga David Scott wa Apollo 15 amesimama mwezini, mkono mmoja nyundo, mwingine unyoya wa ndege aitwaye kozi. Akaviachia mara moja, vikatua pamoja. Mwanangu wa darasa la tano akasema, "Mama, hapo wametudanganya." Nikamwambia twende uani tujaribu. Tulichukua nyundo ya baba yake na unyoya wa kuku tuliyemchinja Jumapili. Nyundo ikapiga udongo puu! Unyoya ukayumbayumba hadi ukaangukia kwenye beseni la vyombo. Tukarudi kwenye video, safari hii tukisikiliza maelezo: mwezini hakuna hewa ya kuuzuia unyoya.

Bado hakuridhika, nikamfanyia jingine. Kata karatasi ndogo kuliko daftari, iweke juu ya daftari, kisha liachie daftari likiwa limelala. Vinashuka pamoja, kwa sababu daftari limeshaikinga karatasi na hewa ya chini. Alirudia mpaka magharibi, na watoto wa jirani wakaja kuona.

Nyingine iliyotutoa nje ni ya Kituo cha Kimataifa cha Anga. Kiko juu yetu kama kilomita 400 na kinaizunguka dunia kwa dakika 90 hivi, na tangu Novemba 2000 hakijawahi kukosa watu ndani. Jioni moja tulikiona kwa macho kikipita juu ya mapaa, kama nyota kubwa isiyometameta, inakwenda bila kelele. Mdogo wao aliipungia mkono.

Kasoro zipo. Nyingi ni za Kiingereza cha kasi, kwa hiyo nasimamisha kila baada ya muda nitafsiri, na mifano yao ni ya theluji ambayo wanangu hawajaiona. Bando nalo linakwisha haraka usipopunguza ubora wa picha. Mimi napakua usiku, tunatazama kesho yake. Halafu katikati ya video nzuri hujipenyeza za uzushi, kama ile ya dunia kuingia gizani siku sita. Itazame kwanza wewe mwenyewe kabla ya watoto.

Siku tuliyotazama ya mwezi na bahari, mama yangu alikuwa amekuja kutoka Mafia. Video ikaeleza kwamba jua, dunia na mwezi vikiwa kwenye mstari mmoja, mvuto wa jua na wa mwezi unasaidiana, maji yanajaa sana na kupwa sana. Mama akaweka kikombe chini. "Hiyo si bamvua? Mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana, huendi mwambani ukapata kitu." Akawaeleza wajukuu wake jinsi walivyokuwa wakifuata pweza maji yakishatoka, na jinsi ya kujua kwamba yameanza kurudi. Video ilikuwa ya dakika nane. Bibi alichukua saa nzima, na hakuna aliyeomba katuni.

Mwezi mpevu ujao tunakwenda Coco Beach wote, maji yakipwa. Bibi ameshasema kila mtu avae viatu vya kukanyagia mwamba.