Uzoefu wangu: MBA ya jioni kwa injinia aliye kazini, na ile asilimia 94

Nianze na hukumu kabla hasira haijapoa. Injinia mwenzangu, kama uko kazini na mtu anakushawishi ukasome MBA (shahada ya uzamili ya biashara) ya jioni, mwambie asubiri kwanza. Ada nimelipa yote, kozi nimefaulu zote, na kilichonikwamisha hakikuwa hesabu wala foleni ya Ubungo. Ni dirisha moja la ofisi ya uzamili na namba moja: 94.

Chuo sikitaji. Kiko Dar, na waliosoma pale wataelewa kabla hawajafika katikati.

Namba yenyewe ni ya Turnitin, programu inayolinganisha andiko lako na maandiko mengine ili kunasa wizi wa maandishi. Faili likipakiwa, hukaguliwa dhidi ya kurasa za mtandaoni, majarida, na kazi za wanafunzi zilizomo kwenye hifadhi yake. Anayepakia ndiye anayechagua kama kazi ihifadhiwe humo au ikaguliwe tu isihifadhiwe. Rasimu ya tasnifu, ile ambayo msimamizi bado ataijaza wino mwekundu, inapaswa kukaguliwa bila kuhifadhiwa. Yangu waliipakia ikahifadhiwa. Nikarekebisha nilichoambiwa, nikapeleka nakala ya mwisho, na programu ikafanya kazi yake kwa uaminifu wote: ikaikuta rasimu, ikaona maneno ni yale yale, ikaandika asilimia 94. Nimejiibia mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ndiye wewe wa tisini na nne?"

Nikamwomba afungue kurasa za mwisho za ripoti, kwenye orodha ya vyanzo. Hakufungua. Aliweka kiganja juu ya karatasi yenye namba, akawatazama waliosimama nyuma yangu, akasema kwa sauti ya kuwatosha wote: "Injinia, hapa siyo saiti. Hapa hakuna kopi na pesti za michoro."

Foleni ikacheka. Kuna mmoja alicheka mpaka akakohoa.

Ajabu ni kwamba ugonjwa huu unatibika chini ya dakika moja. Ripoti inapangilia vyanzo kwa ukubwa. Chanzo cha kwanza kikiwa ni kazi ya mwanafunzi iliyowasilishwa chuo hicho hicho, tena kimebeba karibu asilimia yote, jibu liko mezani: ni rasimu yako. Mwenye akaunti ya mwalimu anakiondoa chanzo hicho kwenye hesabu na ripoti inajikokotoa upya. Akitaka kuifuta kabisa, msimamizi wa akaunti ya chuo anaomba ile kazi iondolewe kwenye hifadhi. Yangu ilipokuja kuondolewa ikabaki asilimia 9, na nyingi ya hizo ni orodha ya marejeo na maneno ya dodoso. Lakini kabla ya hapo ilizunguka: dirishani, kwa mratibu, kwa msimamizi aliyekuwa safarini, ikarudi dirishani. Muda wa kuwasilisha ukapita. Nikapewa kontroo namba ya muhula mwingine. Mahafali nikayaona kwenye stetasi za watu.

Nyota moja, basi.

Unajua kinachouma? Sisi tumelelewa na tarehe. Zege unalipima siku ya 7 na siku ya 28, halikusubiri uwe na nafasi. Kwenye mkataba wa FIDIC wa mwaka 1999, ule wa ujenzi unaotumika kimataifa, mkandarasi asipotoa taarifa ya dai ndani ya siku 28 amepoteza haki yake, na mhandisi wa mradi akishapokea dai lenyewe ana siku 42 za kulijibu. Kila upande una saa ukutani. Pale dirishani saa ni ya mwanafunzi peke yake. Ukichelewa wewe unalipa, wakichelewa wao unalipa wewe vilevile. Na juu ya dirisha hilo hilo kuna darasa linalofundisha usimamizi wa huduma kwa mteja!

Sasa nitajipinga, kwa sababu nisipojipinga nitakuwa mwongo.

Kozi ya fedha ya MBA ilistahili kila jioni niliyokaa. Injinia hufundishwa kukokotoa kila kitu isipokuwa bei ya pesa. Chukua pampu ya shilingi milioni 60 itakayookoa milioni 15 kila mwaka kwa miaka 6. Injinia anagawanya 60 kwa 15, anapata miaka 4, anaandika "inajilipa", anapeleka kwa bosi. Mhasibu anaikataa, injinia ananuna wiki nzima. Hebu irudie kwa riba ya asilimia 16 ambayo kampuni inakopea: zile milioni 15 za miaka 6, ukizirudisha kwenye thamani ya leo, ni kama milioni 55.3. Unanunua cha 55 kwa 60. Weka riba ya asilimia 10, zinakuwa kama milioni 65.3 na pampu inapita. Chuma hakijabadilika hata nati.

La pili ndilo lililonifungua macho zaidi, maana ndilo linaloua makandarasi wetu wadogo wakiwa na kazi mkononi. Chukua setifiketi ya malipo, ile hati ya kazi uliyofanya inayopaswa kulipwa, ya milioni 200. Gharama zako milioni 176, kwa hiyo kwenye karatasi una faida ya milioni 24 na unajisikia mtu. Mteja anazuia asilimia 10 kama dhamana, unapokea 180. Nusu ya ile 20 inarudi kazi ikikabidhiwa, nusu baada ya kipindi cha kurekebisha kasoro. FIDIC hiyo hiyo ya 1999 inampa mteja siku 56 za kulipa tangu mhandisi apokee madai yako. Kama zile 176 zote ulikopa kwa asilimia 16 kwa mwaka, siku 56 zinakula kama milioni 4.3. Pesa taslimu iliyozidi gharama ilikuwa milioni 4 tu. Umejenga, mradi una faida, na mfukoni umepungukiwa laki tatu na ushee. Kodi sijaigusa, na nimechukulia mteja analipa siku ile ile ya 56, jambo ambalo mwenye uzoefu wa saiti atalicheka kwa sauti.

Injinia akielewa hilo, anajadili malipo ya awali kabla ya kusaini, anapanga kununua nondo kwa awamu, na anaacha kurundika vifaa saiti. Kwa hilo peke yake, nyota nne. Masoko na mikakati, yapo, yanapita. Kazi za vikundi ni kwamba watu sita wanapewa kazi moja na injinia anaachiwa jedwali la hesabu.

Lakini ngoja, hilo la fedha lingepatikana pia kwenye kozi fupi ya fedha kwa wasio wahasibu, bila tasnifu, bila dirisha. Ndiyo maana nasema uliza kwanza unataka nini. Unataka kujua pesa za mradi: kozi fupi, pamoja na muda wa kukaa na mhasibu wa kampuni yako ukiwa na setifiketi halisi mbele. Unataka kusimamia miradi: kuna vyeti vya usimamizi wa miradi vinavyojulikana kwenye zabuni kuliko MBA. Unataka kutoka kwenye michoro ukaingie kwenye uongozi wa kampuni, ukae na watu wa benki wakuelewe: hapo MBA ina kazi, kwa sababu lugha yao ndiyo hiyo.

Kama bado uko kwenye SEAP, ile miaka mitatu ya mafunzo chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, usithubutu. Usajili wa mhandisi mtaalamu unatazama kazi ya kihandisi uliyoifanya, na MBA haijazi logibuku yako. Maliza, sajiliwa, halafu fikiria. Aliye serikalini asome muundo wa utumishi wa kada yake kabla ya kulipa chochote, aone kama shahada hiyo inahesabika kwenye kupanda daraja au inabaki kuwa fremu ya sebuleni. Anayekatwa asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo apige hesabu kwa kinachobaki, asipige kwa mshahara ulio kwenye barua ya ajira. Na wewe uliye saiti ya mkoani: darasa ni saa 11 jioni hadi saa 3 usiku, na zege likianza kumwagwa saa 8 mchana halisimamishwi kwa sababu una jaribio.

Ukishaamua kuingia, jilinde kwenye tasnifu, maana ndiko wengi wanakozama. Mada ichague muhula wa kwanza ukiisha. Injinia ana ugonjwa wa kutaka kupima mashine, na msimamizi wa biashara anataka dodoso. Mkikutana hapo, miezi inakwenda. Ukikubali dodoso, kanuni ya Yamane kwa watu 400 na kosa la asilimia 5 inakupa sampuli ya watu 200, na watu 200 hawajazi maswali 60 ya bure. Watakurudishia 70, na msimamizi atauliza wengine wako wapi. Afadhali utumie kumbukumbu zilizopo ofisini kwako, kama tarehe za setifiketi na malipo, gharama za matengenezo au siku za kuchelewa kwa vifaa. Barua ya kibali ya mwajiri iombe mapema, kabla meneja aliyekuahidi hajahamishwa.

Kila unapoonana na msimamizi, fomu ya maendeleo isainiwe siku hiyo hiyo. Rasimu itume kwa baruapepe, hata kama anataka karatasi, ili tarehe ibaki. Na hili la Turnitin liandike kwa maandishi, sentensi moja: "Naomba rasimu hii ikaguliwe bila kuhifadhiwa." Ukipewa ripoti usiridhike na ukurasa wa kwanza, dai yote mpaka orodha ya vyanzo. Ukiona jina la chuo chako juu kabisa, usiende dirishani. Nenda moja kwa moja kwa mwenye akaunti ya mwalimu, ukiwa na rasimu ya zamani mkononi yenye jina lako na tarehe.

Baada ya kuyaandika haya ya fedha nilikuwa naelekea kumaliza na nyota nne, kweli. Nikakumbuka kile kiganja juu ya karatasi. Kosa la kupakia kila mtu angeweza kulifanya, ni kitufe kimoja. Kukataa kufungua kurasa za mwisho mbele ya mtu anayekuomba kwa shikamoo, hilo si la kitufe. Nashusha hadi mbili. Mbili na nusu, kwa heshima ya mwalimu wa fedha, ambaye ndiye aliyeketi na mimi mwishowe akakiondoa kile chanzo, kisha akaniuliza: "Kwa nini hukuja kwangu mapema?"

Vaiva, ule utetezi wa tasnifu, nimeshapita. Juzi nimepigiwa simu kwamba jalada linatakiwa la bluu, na mimi nimefungisha nakala nne nyeusi kama tangazo la ubaoni lilivyosema. Tangazo nimelipiga picha. Kesho kutwa naenda dirishani, na picha hiyo nimeichapa kwenye karatasi kubwa.