Bwana harusi wa kijani: uzoefu wangu na printa ya matangi

Nianze na muuzaji, printa nitaifikia. Duka silitaji, lipo hapahapa Tabora mjini na wanaolijua wameshajua. Nimemwekea mezani kadi niliyoitoa kwenye printa yangu, bwana harusi ana uso wa kijani kama kisamvu, naye hata macho hakuinua kwenye simu: "Dada, hiyo picha ndiyo mbaya." Nikamfungulia picha hiyohiyo kwenye simu yangu, kijana wa watu mweusi safi, anang'aa. Akasema basi ni karatasi. Kisha akamgeukia mwenzake wakacheka: "Kina mama na mashine!"

Karatasi! Karatasi mbaya inanywa wino, rangi zinafifia, kingo zinatambaa. Hayo nayajua, ndiyo kazi inayonilisha. Lakini haijawahi kumgeuza mtu kijani.

Nina steshenari ndogo Ng'ambo: kudurufu, pasipoti saizi, kadi za sendofu, ratiba za mazishi. Hizi printa za kumiminia wino wa chupa zimetuokoa, sibishi. Zamani kwenye katriji ya rangi tatu ikiisha rangi moja unatupa yote, na mbili zilizobaki zinaenda nayo. Hii yangu miezi ya mwanzo niliisifia kwa kila aliyeingia dukani. Picha ikitoka kwenye karatasi ya glosi, utadhani ni ya studio.

Wino wa kiwandani ulipoisha, huyo muuzaji akaniuzia chupa "zinazoingia printa zote". Wino ni wino, dada. Ndivyo alivyosema.

Sasa msikilize mama wa bwana harusi alipokuja kuchukua kadi. Kaziangalia moja baada ya nyingine, kimya, halafu: "Mwanangu, huyu ni wa kwetu kweli?" Nilitamani ardhi ipasuke.

Humo ndani hakuna tangi la kahawia. Kuna samawati, majenta (ule wekundu wa waridi iliyokolea), manjano na nyeusi, basi. Ngozi yetu inatengenezwa kwa vitone vidogo mno, majenta na manjano kwa wingi, samawati na nyeusi kwa kiasi, vikipangwa jirani jirani jicho linavichanganya lenyewe. Toa majenta uone: samawati na manjano zinabaki peke yao, na hizo zikikutana ni kijani. Halihitaji mganga hilo.

Nikaprinti ukurasa wa kupima nozo, vile vitundu vinavyotema wino. Samawati mistari yote ipo. Manjano inaonekana kwa shida, nikaipeleka juani, nayo imetimia. Nyeusi safi. Majenta sasa: mstari, pengo, nusu mstari, na huku chini karatasi nyeupe tupu. Nikarudi dukani na ushahidi wangu. "Piga klining," akasema, yaani niiamuru mashine ijisafishe. Nimepiga, mpaka nimechoka. Kila klining inavuta wino na kuumwaga kwenye sponji ya taka ndani ya mashine, wino nilioulipia mimi, na sponji ikijaa printa nayo inagoma.

Hata hiyo nyeusi niliyoisifu ilikuwa na lake. Ya kiwandani kwenye printa yangu ni ya pigimenti, chembe zake zinakaa juu ya karatasi. Ya muuzaji ni ya maji maji inayozama: barua ya mteja ilidondokewa na tone la maji, sahihi ikabaki wingu.

Kwa haki niseme, Tabora yenyewe haina huruma na hizi mashine. Kiangazi hewa kavu, vumbi, umeme unakatika katikati ya kazi na hedi, kile kichwa chenye nozo, inabaki wazi kabla haijarudi kwenye kifuniko chake. Tundu za nozo ni nyembamba kuliko unywele, wino ukikaukia humo umekwisha. Kwa hiyo labda si chupa zake peke yake. Labda! Lakini muuza printa wa Tabora asiyemwambia mteja habari ya vumbi na umeme anauza nini?

Kijana mmoja fundi karibu na stesheni ndiye aliyeniokoa. Kailoweka hedi kwa dawa usiku kucha, kaosha mirija, nikaagiza wino halisi kutoka Mwanza. Majenta ikarudi, na bwana harusi akarudi kuwa mtoto wa mama yake.

Nilikuja hapa niipe nyota moja. Printa yenyewe ni nne. Hapana, tatu, maana ilikuwa inatema kadi za kijani rundo zima huku taa zake zinasema kila kitu shwari. Mashine ya bei ile ingeshtuka kidogo. Duka halipati hata nusu. Pesa ya kadi nimemrudishia yule mama. Ya wino wangu bado naidai, na Jumatatu nakwenda tena.