TAHADHARI: Flashi ya "TB 2 inayoongeza RAM"

Wana Dar, kuna jamaa anatangaza mitandaoni flashi ya "TB 2", eti ukichomeka tu kwenye kompyuta ya nyumbani RAM (kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta inafanyia kazi) inaongezeka na mashine inakuwa nyepesi. Bei elfu thelathini na tano, bodaboda anakuletea mpaka mlangoni. Msinunue. Mimi ni fundi, na zimeshafika mezani kwangu kadhaa, zote na malalamiko yaleyale: kompyuta nzito vilevile, mafaili hayafunguki.

Watu wananasa kwa sababu uongo wenyewe una chembe ya ukweli. Windows Vista, mwaka 2007, ilikuja na kitu kinaitwa ReadyBoost: flashi inahifadhi kwa muda vipande vidogo vya data ili kompyuta isihangaike kuvitafuta kwenye diski yake ya kuhifadhia (hard disk). Kwa mashine ya RAM MB 512 ilisaidia kidogo. Ila RAM haikuongezeka hata siku moja, na huduma hiyo ilikuwa bure ndani ya Windows. Kama una SSD, yaani diski ya kisasa yenye kasi, Windows inakataa kuiwasha, inakwambia kompyuta yako ina kasi ya kutosha. Kwenye Windows 11, kuanzia toleo la 22H2, wameshaiondoa. Sasa huyu anakuuzia nini? Programu yake inaanza kwa kukuomba uzime antivairasi! Chomoa hapohapo.

Lakini kilichoniudhi zaidi ni huo ukubwa. Niliipasua moja, ndani nikakuta kakadi ka kumbukumbu kama ka simu, kamegandishwa kwa gundi. Nyingine niliipima kwa H2testw, programu ya bure inayojaza flashi kisha inasoma tena ilichoandika: nafasi ya kweli haikufika hata GB 32, wakati TB 2 ni kama GB 2,000. Imechezewa iidanganye kompyuta kwamba ni TB 2. Ukishapita nafasi ya kweli, inaendelea kupokea mafaili kama kawaida. Jina lipo, ukubwa upo, ndani hamna kitu. Mama mmoja alihamishia humo picha za harusi ya binti yake, akafuta za kwenye kompyuta apate nafasi. Picha zinafunguka vichwa tu, kuanzia mabegani kijivu kitupu. Alipompigia muuzaji, akakuta namba yake imezuiwa.

Flashi za TB 2 za kweli zipo, Kingston walitoa yao mwaka 2017, ila kwa bei hiyo hupati hata kwa ndoto. Kama shida ni kasi, hela yako iweke kwenye SSD au kijiti cha RAM, na umwambie fundi akuonyeshe alichoweka kwenye Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha RAM na diski zilizomo, kabla hujalipa.

Aliyekwisha kununua asiongeze faili hata moja wala asiifomati. Nakili kwanza yanayofunguka uyaweke kwingine. Risiti, matangazo na meseji za malipo vitunze, bidhaa bandia zinaripotiwa Tume ya Ushindani, FCC. Jamaa anabadilisha jina la akaunti kila mara, kwa hiyo tazameni picha ya bidhaa: flashi ya chuma, rangi ya fedha, haina jina la kampuni yoyote.