Curl katika kazi za bandarini: chombo kinachojua kunena pembeni

Kwa miezi minane sasa ofisi yetu ndogo ya uwakala wa forodha, iliyo kando ya Moi Avenue mjini Mombasa, imekuwa ikitumia curl, programu ya kuvuta data kutoka seva kwa kuandika amri, kuvuta orodha ya makontena ya wateja kila alfajiri, na siwezi kuisifu kwa haki bila kueleza tulichokuwa nacho awali. Kilikuwa kijiprogramu cha mstari wa amri tulichouziwa na fundi mmoja pamoja na mkataba wa matengenezo. Kilivuta data ileile kutoka seva ileile, tena upesi, ila kila kilichotaka kukisema kilikimwaga palepale penye data. Alfajiri moja mtandao ulilegea, kikaandika onyo katikati ya orodha, nayo skripti yangu, yaani amri nilizoziandika zijiendeshe zenyewe, ikachukua alama 11 za mwanzo za kila mstari kama kawaida, kwa kuwa nambari ya kontena huwa ni herufi nne na tarakimu saba. Karatasi ikachapwa, ikaenda Kilindini ikiwa na kontena liitwalo "ONYO: mtand".

Dereva alinipigia simu akiwa kwenye foleni ya lango. "Bwana, hili la kumi na nne mbona halina nambari?" Onyo lile lilikuwa limeandikwa kwa ajili yangu, na mtu wa kwanza kulisoma akawa dereva wa trela.

Balaa hili si geni. Katika maabara ya Bell Labs, Marekani, miaka ya 1970, programu za Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta uliotungwa huko, nazo zilipitisha matokeo na malalamiko katika mlango mmoja, hata waliotumia mashine ya kupanga chapa kwa mwanga wakawa wanaisubiri karatasi isafishwe kwa dawa, kisha wanakuta haina kitu ila ujumbe wa kosa, umepangwa kwa herufi safi za kitabu. Ndipo ukaongezwa mkondo, yaani njia ya kupitishia maandishi, wa pekee wa makosa, na hadi leo programu huanza kazi ikiwa na mikondo mitatu: 0 wa kuingizia, 1 wa matokeo na 2 wa makosa. Fundi wetu alikuwa amepata karibu nusu karne ya kuyasikia hayo.

Curl, ambayo Daniel Stenberg wa Uswidi aliitoa kwa jina hilo mwaka 1998, imeyasikia. Jedwali lake la maendeleo, lile linalohesabu asilimia na kasi, hupita mkondo wa 2, na data ikiwa inamwagwa moja kwa moja kwenye kioo, jedwali hilo hunyamaza lenyewe ili lisiichafue. Jaribio lililonishawishi lilikuwa dogo: niliivuta orodha moja mara mbili, mara ya pili nikiongeza kibendera -v, ambacho huifanya curl isimulie kila hatua ya mazungumzo yake na seva. Kioo kilijaa mistari iliyoanza kwa nyota na mishale, lakini nilipoyalinganisha mafaili mawili kwa diff, amri inayotaja tofauti za mafaili, diff haikusema neno. Maana yake ni kwamba naweza kuchunguza hitilafu katikati ya kazi halisi, bomba, yaani kiungo cha programu moja na nyingine, likiendelea kupitisha orodha kwenye skripti, bila mtu wa langoni kujua kuwa kuna lolote.

Kasoro zipo, na moja ni nzito. Seva ikikataa ombi na kurudisha ukurasa wa kosa, curl kwa desturi yake huuona ukurasa huo kuwa ni data kama data nyingine, huupitisha mkondo wa 1, kisha humaliza kwa nambari 0 kana kwamba mambo yalikwenda salama. Ni mpaka uongeze -f ndipo jibu la kuanzia 400 kwenda juu linapohesabiwa kuwa ni kushindwa, na programu ikatoka na nambari 22. Jambo la pili ni kwamba -s, inayolizima jedwali, huzima na makosa pia, kwa hiyo haifai kuiweka peke yake, iongezewe -S. Asiyefanya hivyo akaiacha kazi mikononi mwa cron, programu inayoendesha amri kwa ratiba na kumtumia mwenyewe matokeo kwa barua pepe, atapokea ama barua za asilimia kila siku, ama kimya hata siku ambayo hakuna kilichofika. Chombo chenye umri huu kingeweza kuwa na mazoea bora bila kumtwisha mgeni vibendera vitatu.

Bei haina mjadala, kwani ni bure, na katika mashine nyingi utaikuta imeshawekwa. Amri yetu ya kila siku ni curl -fsS, ikifuatwa na anwani, kisha > orodha.csv 2> makosa.txt. Hivyo mkondo wa 1 huenda katika faili la kwanza, na wa 2 katika la pili. Wapo wanaopenda kuandika 2>&1 mwishoni ili kila kitu kiwe katika faili moja; hao wanairudisha kwa mikono yao shida ileile niliyomlipia fundi.

Juma lililopita seva ya upande wa pili ilianguka kabla ya alfajiri. Nilipofika ofisini, orodha.csv ilikuwa tupu, makosa.txt ilikuwa na mstari mmoja, skripti ilikuwa imekataa kuchapa, na dereva alikuwa bado anakunywa chai yake Changamwe akisubiri simu yangu.