Kamera ya joto na boti yangu ya faiba: uzoefu wangu ufuoni Dunga

Kwa miezi mitano boti yangu ilikaa vibaya majini na kila fundi alikuwa na jibu lake. Ni boti ya faiba (plastiki ngumu iliyotiwa nyuzi za kioo) ya mita 7, injini ya nguvu farasi 40. Hubeba wageni kutoka ufuo wa Dunga, Kisumu, kwenda kutazama viboko na ndege, na wakiwa na siku nzima tunawafikisha hadi Kisiwa cha Ndere. Niliinunua ikiwa imeshatumika huko Pwani, ikaletwa Kisumu kwa lori. Mwanzoni ilikuwa nyepesi. Kisha nyuma ikaanza kuzama na pua kuinuka, safari ya Ndere ikaanza kula lita 20 za petroli badala ya 16, na fyuzi ya pampu ya kutoa maji ikawa inakatika karibu kila wiki. Fundi wa kwanza alisema ni injini. Wa pili akasema ni propela, nikanunua mpya, hali ikabaki vile vile. Nahodha wangu, mzee aliyekulia kando ya Nam Lolwe, yaani Ziwa Viktoria, ndiye aliyesema: "Mama, boti hii imekunywa maji mahali tusipopaona."

Nilipata fundi wa kamera ya joto kwa bahati. Ni kijana anayezunguka viwandani kupima mabodi ya umeme: anapiga picha ya swichi na nyaya zikiwa kazini, na kiungio kilicholegea kinajitokeza kwa sababu kina joto kuliko wenzake. Kuhusu boti alikuwa amejifunza baadaye. Tulikubaliana shilingi 15,000 kwa kazi yote, nusu kabla, nusu baada ya ripoti.

Siku ya kwanza ilipotea, na kosa lilikuwa langu. Nilimlazimisha aje saa saba mchana kwa kuwa jioni nilikuwa na wageni. Boti ilikuwa imevutwa nchi kavu juu ya magogo, jua la Kisumu limeikalia tangu asubuhi. Kwenye kamera kila kitu kilikuwa kinawaka. Ule mstari wa buluu uliopakwa ubavuni ulionekana moto kuliko faiba nyeupe, nami nikadhani tumepata shida. Kijana akatikisa kichwa. "Hapana mama, hiyo ni rangi tu. Rangi nzito inanyonya jua zaidi. Saa hii kamera inasoma jua, haisomi boti yako."

Hapo ndipo alipokaa kwenye gogo akanieleza jambo ambalo ningependa kila mwenye boti alijue kabla ya kutoa pesa. Kamera hii haioni ndani ya boti. Inapokea miale ya infraredi inayotoka kwenye uso wa kitu na kuigeuza kuwa picha ya joto la uso huo, basi. Haipenyi faiba, haipenyi mbao, hata kioo cha kawaida haipiti. Kinachosaidia ni tabia ya maji. Maji ni mazito kupata joto na mazito kulitoa: kilo moja inahitaji takriban kilojuli 4.2 ili ipande nyuzi moja. Kwa hiyo pale maji yalipojificha nyuma ya faiba, asubuhi panachelewa kupata joto, na jioni jua likishazama panachelewa kupoa. Ndani ya dirisha hilo dogo la kuchelewa, ule unyevu unajichora wenyewe kwenye uso wa nje. Ukija mchana kweupe, umekosa dirisha.

Siku ya pili mvua ilinyesha saa kumi alasiri, kama kawaida ya huku. Akakataa kupima. Alisema uso uliolowa hupoa wakati maji yanakauka, kwa hiyo picha ingetudanganya. Nilimheshimu kwa hilo, maana angeweza kupiga picha zake, akachukua pesa na kwenda.

Siku ya tatu anga ilikuwa safi. Tulingoja jua lizame, na kufikia saa moja kasorobo usiku akaanza kuzunguka boti polepole, mkono wa mzee ukiwa umeshika tochi iliyozimwa. Ubavu wa kulia, safi. Wa kushoto, safi. Alipofika nyuma, kwenye ule ukuta unaobeba injini, akasimama. Kwenye kioo cha kamera kulikuwa na doa la manjano lililoanza kwenye tundu la boliti ya injini upande wa kushoto, likateremka na kupanuka kama chozi hadi chini kabisa. Lilikuwa nyuzi 27.9 za Selsiasi, na faiba iliyolizunguka 25.2. Tofauti ya nyuzi mbili na kitu. Kwa mkono usingeihisi kamwe. Mimi nilikuwa nimeupiga ukuta huo kofi mara ngapi, nikiwaambia wageni wakae bila wasiwasi?

Hakuridhika na picha. Alitoa nyundo ndogo ya mpira akaugonga ukuta kuanzia upande mkavu: ko, ko, ko. Alipoingia kwenye doa sauti ikabadilika, ikawa bubu, kama kugonga gunia. Akaweka kipima unyevu, nacho kikakubali. Mwisho, kwa ruhusa yangu, akatoboa tundu dogo kutoka ndani. Maji ya kahawia yakaanza kudondoka, yananuka kama majani yaliyooza. Plaiwudi iliyokuwa katikati ya zile tabaka mbili za faiba ilikuwa laini kama uji. Boliti za injini zilikuwa zimefungwa bila gundi ya kuziba, na maji yalikuwa yakiingia kidogo kidogo kwa kila safari. Injini ya nguvu farasi 40 ilikuwa imening'inia kwenye ubao uliooza, nami nilikuwa nikipakia watoto wa shule siku za Jumamosi. Usiku ule sikulala vizuri.

Upande wa umeme ulikwenda haraka, hapo kijana alikuwa nyumbani kwake. Alisema waya usiopitisha umeme hausemi kitu, kwa hiyo tulimwaga maji ndani ya boti, tukawasha pampu na taa zote kwa robo saa, kisha akafungua kifuniko cha dashibodi, maana kupitia plastiki asingeona lolote. Kishikio cha fyuzi ya pampu kilisoma nyuzi 34, kama jirani zake. Nikashusha pumzi. Yeye akasema ngoja, chuma kinachong'aa ni mwongo: kinatoa miale michache na kurudisha ile ya vitu vingine, kwa hiyo namba yake haiaminiki. Akazima umeme, akabandika kipande kidogo cha tepu nyeusi kwenye chuma hicho, akawasha tena, tukasubiri. Tepu ikasoma 61. Kishikio kilikuwa na kutu kwa ndani, kinapashwa joto na umeme wa kawaida kabisa, na joto hilo ndilo lililokuwa likiiyeyusha fyuzi. Nilikuwa nimeshabadilisha fyuzi kumi na moja. Kishikio kipya kiligharimu shilingi 350.

Sasa niseme na yale yasiyonifurahisha. Karibu na pua, kwenye sakafu ya juu, kulikuwa na doa jingine lenye joto, na kwa macho yangu lilifanana kabisa na lile la nyuma. Nilikuwa tayari kuikata sakafu. Nyundo ikasema pazima, kipima unyevu kikasema pakavu. Kumbe hapo faiba imewekwa nene zaidi kwa ajili ya kufungia kamba ya nanga, na kitu kinene nacho huchelewa kupoa. Mtu mwenye kamera tu, bila nyundo na bila kipima unyevu, angenikatisha sakafu nzima bure. Kwa hiyo kabla ya kumwita yeyote, muulize amebeba vifaa gani vingine.

Ripoti nayo ilinichosha. Ilikuja kwa WhatsApp, picha 23 zenye rangi za moto na barafu, bila kipimo pembeni. Kamera ikiachwa ijipangie rangi, inaipa sehemu yenye joto zaidi rangi nyekundu hata kama inaizidi jirani yake kwa nusu nyuzi. Kwa picha hizo boti yangu nzima ilionekana inaungua. Nilimrudishia, nikataka kila picha iwe na namba ya juu na ya chini, saa iliyopigwa, na mahali pa boti. Ilichukua wiki moja. Alipoleta, ndipo nikamlipa nusu iliyobaki. Nawe usipokee ripoti ya rangi tupu.

Fundi wa faiba alichukua siku tisa. Alikata faiba ya ndani, akachimba ule uozo wote, akaacha ukuta ukauke chini ya turubai, akaweka plaiwudi mpya ya kutumia majini, akaifunika kwa resini na tabaka tatu za faiba, na kila tundu la boliti akaliziba. Gharama ilikuwa 68,000, inauma. Baada ya hapo tulirudia kamera jioni moja, ukuta wote ukawa rangi moja. Boti imenyooka majini. Ndere tunakwenda na kurudi kwa lita 16 na kidogo.

Majirani wengi ufuoni wameniuliza kama kamera inafaa. Ukiwa na boti ya faiba, hasa iliyotumika, yenye sakafu ya juu na nyaya zilizofichwa, ninakuambia kwa moyo wote lipa pesa ya kupima, tena kabla ya kununua boti. Iwe imetoka majini siku tatu, iwe kavu, iwe jioni isiyo na mvua. Boti ikiwa bado inaelea, sehemu iliyo chini ya maji haipimiki.

Yule mzee, nahodha wangu, naye ana boti yake ya mbao ya kuvulia omena, akataka ipimwe usiku ule ule. Kijana aliizunguka mara moja, akazima kamera. "Mzee wangu, mbao zako zote zina maji, hivyo ndivyo zinavyotakiwa ziwe ndiyo zivimbe na kuziba. Nitaona doa gani?" Akampa nyundo na msumari, wakaanza kuchoma ubao mmoja mmoja kutafuta ulio laini, na mimi nikawashikia tochi.