Stakabadhi ghalani ya korosho: bei inaonekana, makato hayaonekani

Ukilinganisha na kangomba, yaani kuwauzia walanguzi nje ya mfumo rasmi, stakabadhi ghalani imeshinda kwa jambo moja: bei ni ya wazi. Mzigo ukishapimwa AMCOS, chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, na kufika ghala kuu, unaingia mnadani kupitia chama kikuu cha ushirika, iwe TANECU kwa Tandahimba na Newala au RUNALI kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Mnada wenyewe sasa unaendeshwa kwenye mfumo wa TMX, Soko la Bidhaa Tanzania.

Bei nzuri au mbaya utaijuaje? Anza na dola, maana mnunuzi naye anaanzia huko. Chukulia tani ya korosho ghafi ni dola 1,500 bandarini Mtwara. Ushuru wa kusafirisha nje ni asilimia 15 au dola 160 kwa tani, kutegemea ipi kubwa. Hapa ni dola 225. Zinabaki 1,275. Kwa dola ya shilingi 2,500, ni kama shilingi 3,187 kwa kilo, kabla ya usafiri, ghala na faida ya mnunuzi. Bei ya mnada ikiwa chini mno ya hapo, kuna anayekula katikati.

Hilo la katikati si dogo. Ng'ambo ya Ruvuma, miaka ya 1990, Benki ya Dunia iliibana Msumbiji ilegeze ushuru wa korosho ghafi ili mkulima apate zaidi. Viwanda vya kubangua vikafungwa. Wachumi Margaret McMillan, Dani Rodrik na Karen Welch walipopiga hesabu baadaye, faida ya kaya ya mkulima haikuzidi dola 5.30 kwa mwaka; sehemu kubwa iliishia kwa wafanyabiashara. Mnada wa wazi ungewafaa wakulima wale.

Udhaifu wa huduma hii uko kwenye karatasi ya malipo. Tozo za chama, ghala, magunia na usafiri hufika zimejumlishwa, mkulima asijue ipi ni ipi. Dai mchanganuo wa kila kilo. Unyaufu nao unaumiza: korosho iliyopokelewa na unyevu juu ya asilimia 10 hupungua uzito ghalani, na hasara hugawanywa hata kwa aliyekausha vizuri. AMCOS isiyo na kipima unyevu mlangoni, ikwepe ukiweza.

Malipo ni kupitia benki, na huchelewa. Kangomba hunawiri kwenye siku hizo hizo za kusubiri. Hakikisha jina la akaunti linafanana na la usajili wako, herufi kwa herufi, kwani likitofautiana fedha hukwama.