Kabla hujanunua shokapu za kuinua gari, inama utazame stabilaiza

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji wa Dodoma yanafanana mno. Mtu ana Prado 120 au 150, kaiinua inchi mbili, kafunga springi na shokapu mpya za bei ya kutisha, na bado gari linalala kwenye kona za barabara ya Morogoro kuliko lilivyokuwa zamani. Mwingine kila tairi moja ikiingia shimoni anasikia kitu kinagonga mbele. Gereji inamwambia shokapu alizouziwa ni feki, abadilishe. Anabadilisha, na kugonga kuko palepale.

Wote hao nawauliza swali moja: linki za stabilaiza zikoje? Karibu wote hawajawahi kuziangalia, na aliyewauzia shokapu hakuwagusia.

Stabilaiza ni ile fimbo nene ya chuma iliyopinda, inayokatiza chini ya gari kutoka kushoto kwenda kulia. Mbele, kwa magari mengi, imeshikwa na bushi mbili za mpira kwenye chasisi, halafu kila ncha inaungana na upande wa gurudumu kwa linki fupi. Gari likilala kwenye kona, fimbo inajisokota na kulivuta lisimame. Tairi zote mbili zikipanda tuta kwa pamoja, haijisokoti, inazunguka tu ndani ya bushi zake.

Hapo unapata kipimo cha bure. Panda tuta polepole, tairi zote za mbele kwa mara moja, usikilize. Kisha pitisha tairi ya upande mmoja tu kwenye shimo. Ikigonga kwenye shimo na kunyamaza kwenye tuta, anza na linki na bushi za stabilaiza. Ikigonga kote kuwili, hapo ndipo uhamie kwenye shokapu, bushi zake na boljointi. Linki moja nzuri ni ya bei ndogo kuliko shokapu moja nzuri, kwa hiyo anza nayo.

Sasa kasoro yenyewe inayoninyima usingizi. Ukiinua gari, chasisi inapanda na gurudumu linabaki chini. Fimbo imefungwa kwenye chasisi, kwa hiyo mikono yake inavutwa kwenda chini, na linki iliyobuniwa kusimama karibu na pembe mraba na mkono wa fimbo inabaki imelala. Kwanza, fimbo inafanya kazi kwa nguvu pungufu, ndiyo maana gari lililotumia fedha nyingi linayumba. Pili, vifundo vya linki vinafanya kazi vikiwa vimepinda hadi mwisho wa uwezo wake, vinaisha upesi. Tatu, na hili ndilo baya, tairi ikining'inia kwenye korongo, mkono wa fimbo na linki vinaweza kunyooka kabisa kisha vikageukia upande usio wake. Gari likitua, linki inapinda au inakatika.

Dawa ipo na si ngeni: linki ndefu zaidi, au vipande vya kushusha breketi za stabilaiza kutoka kwenye chasisi. Ila seti nyingi za kuinua gari zinazouzwa hapa haziji na chochote kati ya hivyo. Uliza kabla ya kulipa. Gari likishafungwa, lisimame chini kwa uzito wake wote, si juu ya jeki, ndipo uchungulie pembe ya linki mwenyewe. Bushi za aamu, ile mikono inayoshika gurudumu, nazo zikazwe gari likiwa chini hivyohivyo. Zikikazwa magurudumu yakiwa yananing'inia, mpira unabaki umejisokota na unachanika mapema.

Kwa mpangilio wangu wa springi na shokapu, namba moja ni Old Man Emu ya ARB, Australia. Naipenda na sifichi. Sababu si jina. Springi zao zinauzwa kwa uzito unaobeba: gari tupu, gari lenye bampa ya chuma na winchi, gari lenye mzigo wa kudumu nyuma. Watu wa hapa wanakosea sana kwenye hilo. Wanachukua springi za mzigo mzito kwa sababu "ni imara", kisha wanaendesha gari tupu kwenda ofisini Mtumba siku tano kwa wiki, linarukaruka kama mbuzi. Chagua springi kwa mzigo unaobeba siku nyingi za mwaka, si kwa safari moja ya Ruaha mwezi wa saba. Shokapu zao za Nitrocharger zina mirija miwili na gesi ya naitrojeni, na ule mrija wa nje unakingia mapigo ya mawe. Kwa changarawe za Chemba kwenda Kwa Mtoro hilo si jambo dogo.

Namba mbili, kwa asiyeinua gari, ni shokapu halisi za Toyota au KYB za Japani. Urefu ni uleule, linki zako za stabilaiza zinabaki kwenye pembe yake, hakuna cha kurekebisha. Nawaambia wengi waishie hapa. Kama njia zako ni lami ya Kondoa, lami ya Iringa na vumbi la kwenda shambani Hombolo, huhitaji kuinua gari. Unahitaji shokapu nzima, bushi nzima, na tairi nzuri.

Bilstein ya Ujerumani naiweka ya tatu, na najua nitabishiwa. Ni shokapu bora sana. Mrija wake ni mmoja, mafuta na gesi vimetenganishwa na pistoni inayoelea, kwa hiyo mafuta hayatoki povu na joto linatoka upesi kwenye barabara ndefu yenye makunyanzi. Lakini pistoni ya kazi inateleza kwenye ukuta uleule unaopigwa na mawe. Jiwe likibonyeza ukuta huo kwa ndani, pistoni inakwama. Ukiinunua, weka kinga ya mawe.

Tough Dog, nayo ya Australia, ni ya mwenye Land Cruiser mkonga au Land Cruiser 80 anayebeba mzigo mzito kila siku. Za bei poa zisizo na jina linaloeleweka sizipangi. Za mtumba zilizong'olewa kwenye magari ya Dubai, usiguse.

Kwenye linki zenyewe, nunua halisi za Toyota au 555 za Japani. Na hapa nina kinyongo cha muda mrefu. Jina 555 limeigwa mpaka boksi, stika na rangi. Kuna duka hapa mjini liliniuzia linki ikiwa kwenye boksi zuri kabisa. Ilianza kuchezacheza kabla hata msimu wa vumbi haujaisha. Niliporudi nikaambiwa barabara zetu ni mbaya. Barabara zetu ni mbaya tangu zamani, na linki halisi zinazihimili! Tena bei yenyewe inategemea umeshuka kwenye gari gani: ukija na Prado yenye namba mpya unatajiwa moja, fundi wako akienda peke yake kwa miguu anatajiwa nyingine. Ukiuliza kwa nini Dodoma ni ghali kuliko Gerezani, Dar es Salaam, unaambiwa usafiri, kana kwamba linki ina uzito wa tofali. Dai risiti ya EFD, na jina la kifaa liandikwe, si neno "spea" tu. Asiyetaka kuandika hivyo, mwachie mzigo wake.

Bushi ngumu za rangi, za poliyurethani, zinasifiwa sana madukani. Kwa vumbi letu sizipendi. Zinataka grisi mara kwa mara, vumbi likiingia zinalia na kujisaga. Mpira halisi wa Toyota unatosha.

Wapo wanaotaka stabilaiza nene zaidi kwa sababu wanabeba hema juu ya paa. Inawezekana, ila ukakamavu wa fimbo hupanda kwa kipeo cha nne cha unene wake: kutoka milimita 25 hadi 30 ukakamavu unazidi mara mbili. Kwenye lami utaipenda. Kwenye korongo tairi moja itabaki hewani, maana fimbo hairuhusu upande mmoja ushuke peke yake.

Ndiyo maana wapenda njia ngumu huifungua. Nissan Patrol Y61 za matoleo fulani zina kitufe cha kuachia stabilaiza ya nyuma, na Jeep Wrangler Rubicon inaachia ya mbele. Mwenye Prado anayepanda mawe polepole, tuseme kwenye vilima vya Kolo kuzifuata zile picha za miambani, anaweza kufungua linki kwa spana na kuzifunga tena kabla hajarudi kwenye lami. Kwa mchanga wa makorongo yetu, kupunguza upepo wa tairi kunasaidia zaidi.

Kisichovumilika ni gereji zinazofungua stabilaiza na kuitupa kwenye buti kwa sababu linki inagonga. Kelele inaisha, mteja analipa, anaondoka ameridhika. Kisha yuko barabara ya Singida, gari limeinuliwa, paa lina mizigo, ng'ombe wanakatiza mbele yake naye anakata usukani ghafla. Fundi aliyekufanyia hivyo amekuondolea kinga ya kupinduka bila kukuambia. Ukinunua gari la mtumba, chungulia chini kwanza: ukikuta breketi tupu au kipande kimoja kinaning'inia, punguza bei kwa gharama ya fimbo nzima, linki mbili na bushi zake.

Mwenye Prado 150 au Land Cruiser 200 yenye KDSS asiguse chochote bila fundi anayeujua mfumo huo. Stabilaiza zake zinadhibitiwa kwa mafuta yenye shinikizo, na gari likianza kuegemea upande mmoja likiwa limeegeshwa tambarare, springi mpya hazitalinyoosha kama mafuta yanavuja.